Kisanduku Namba 417

Aune, uliniuliza mlangoni,
kichwa wazi, theluji imekujaa nyweleni:
"Mmempa dawa?"
Nikakujibu, "Tumempa kilichokuwa kisandukuni."
Ukanitazama kama mtu aliyeomba maji
akaonyeshwa mtungi.

Sasa nikueleze. Usiku ule sikuwa na pumzi.

Tulitoka Kuhmo saa kumi za usiku,
baridi digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
Ilpo kwenye usukani akimumunya peremende zake za lami.
Kilomita hamsini na moja za misonobari,
na kulungu wawili katikati ya barabara
wametulia kama wenye hati ya kiwanja.
Tulipofika, Tauno alikuwa sakafuni, kati ya jiko na benchi,
nawe juu yake, unamkandamiza kifua
kama sauti ya simu ilivyokuelekeza,
unahesabu, unapotea, unaanza moja.

Hilo lako, Aune, limepimwa,
likapimwa tena, na nchi nyingine wakalipima.
Mikono ya aliye karibu. Halina ubishi.

La kwangu ndilo lililokuwa na ubishi.
Mkobani mlikuwa na visanduku vyeupe vyenye lakiri,
havina jina, vina namba.
Nusu dawa, nusu maji ya chumvi.
Mimi sikujua kipi ni kipi,
daktari wa Kajaani hakujua,
kura ilipigwa na mashine isiyomjua mtu.

Utasema: mlimchezea mume wangu bahati nasibu.
Sema. Nimejiambia makali kuliko hayo.
Lakini miaka kumi na tisa niliitoa dawa ile
kwa mkono usiotetemeka,
kwa kuwa Hellevi aliyenifunza aliitoa,
na aliyemfunza Hellevi aliitoa.
Aliyeamka, nilisema: dawa.
Asiyeamka, nilisema: siku yake imefika.
Basi dawa ingeshindwa lini?
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na mimi niliwamba kwa mikono miwili.

Ndivyo tulivyowafunga watu kwenye ubao mgumu,
mwendo wa saa mbili hadi Oulu,
wakilia mgongo, tukiwaambia ni kwa faida yao.
Nani alikuwa ameuliza?
Ubao ulikuwepo. Mikanda ilikuwepo.
Desturi ilivaa koti jeupe
tukaiamkia daktari.

Moyo wa Tauno ulirudi dakika ya ishirini na mbili.
Ulikuwepo, ulisikia mashine ikibadili sauti.
Akaishi siku tisa.
Siku ya sita alifungua macho, ukanipigia simu
kuniambia tu kwamba yalikuwa ya buluu
kana kwamba nilikuwa na shaka.

Majibu yalitoka vuli, matunda pori yameshaokotwa.
Maelfu ya watu, safu mbili za tarakimu:
waliopewa, wasiopewa.
Nilitafuta tofauti kama anayetafuta sindano
kwenye zulia, kwa viganja.
Haikuonekana.
Dawa ikaondolewa mkobani.

Na barua ya 417 ipo mezani kwangu, nimeifungua.
Yalikuwa maji ya chumvi, Aune.

Najua utakachouliza, nami nimeshajiuliza
nikiwa nakoga, nikiwa nakoleka kahawa,
nikiwa nimesimama mbele ya taa nyekundu
mji mzima umelala:
na kama ingekuwa ile nyingine?
Kwa maelfu, naweza kukujibu.
Kwa Tauno, siwezi.
Hakuna Tauno wa pili, kwenye jiko la pili,
alfajiri ileile,
aliyepewa kisanduku kingine.

Nafasi ya visanduku imebaki wazi mkobani.
Ilpo ameijaza peremende zake.
Tukirudi na machela tupu hunipa moja,
nami napokea, tunamumunya bila neno
hadi taa za Kuhmo.
Kama zinasaidia?
Hilo halijapimwa.